Mama wa Forum: Maisha ya Mwalimu Godelive Pirwoth, 1961–2017

Baba Padri, Bwana Mchungaji, wakuu wa serikali mliofika na ninyi mliotuma barua ya kueleza kwa nini hamkufika, walimu wa Bunia, wa Mahagi, wa Mambasa na wa Ariwara, majirani wa kartie yetu ya Bigo, hapa Bunia, ndugu wa ukoo wa Uketi na ndugu wa ukoo wa Katsuva, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, ili tuwasomee njia aliyoipita Mwalimu Godelive Pirwoth tangu alipozaliwa mpaka juzi Jumanne, bila kumwongezea sifa yoyote, kwa sababu angekuwa amekaa hapa angeshika kalamu nyekundu.

Mwalimu Godelive alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, mtoto wa nne kati ya saba wa Katekista Uketi na Mama Nzale, muuza samaki wa kukaushwa. Tarehe hiyo ni ya kitabu cha ubatizo, kadi yake ya uchaguzi inasema 1963, barua yake ya kuajiriwa inasema "karibu na 1960", na familia, baada ya kushauriana, imeamua kumwamini padri, kwa kuwa yeye aliandika wiki ileile mtoto alipozaliwa, wakati serikali iliandika siku ile tu ilipohitaji karatasi.

Alianza shule ya msingi palepale Mahagi-Port mwezi wa Septemba 1967, akaimaliza Juni 1973, na alipokuwa darasa la tano serikali ya wakati ule iliamua kwamba majina ya ubatizo si ya kizalendo, basi jina Godelive likapelekwa likizo ya miaka mingi, ila nyumbani mama yake aliendelea kuliita kwa sauti mpaka ng'ambo ya barabara, akisema mwenye kukataza aje amkataze huku akila samaki wake. Masomo ya sekondari aliyafanya kwa masista huko Mahagi, upande wa ualimu, kuanzia 1973 hadi 1979, akapata diploma ya taifa kwa asilimia 63, na karatasi yenyewe ya diploma ikamfikia mwaka 1988, wakati alikuwa amekwisha kufundisha watoto zaidi ya mia nne kwa karatasi ya muda.

Kazi aliianza Septemba 1979 katika shule ya msingi moja ya Mahagi, na huko ndiko, mwezi wa pili wa 1985, alipokutana na Bwana Zacharie Katsuva, mfanyabiashara kijana wa asili ya Butembo, aliyekuwa akizunguka na madaftari, mbao za kuandikia na taa. Mwalimu alichukua daftari lililoandikwa kurasa mia moja, akazihesabu zote mbele ya mwenye kuuza, akakuta tisini na sita, akamrudishia, na Bwana Zacharie, ambaye ameketi pale na kofia yake magotini, anakiri mpaka leo kwamba juma lililofuata alirudi Mahagi kuleta kurasa nne zilizobaki, na kwamba moyo wake haukupanda tena gari la kurudi Butembo. Mazungumzo ya mahari yalichukua siku mbili, ndugu wa Mahagi wakinong'ona kwa Kialur, ndugu wa Butembo wakinong'ona kwa Kinande, na pande zote mbili zikiapa kwa Kiswahili, mbuzi wakapatana kabla ya watu, ndoa ya serikali ikafungwa tarehe 19 Julai 1986, na ya kanisa tarehe 26 Julai 1986. Yeye alibaki Mkatoliki, mume wake akabaki Mprotestanti, na kwa miaka thelathini na moja walikutana mezani kila Jumapili saa saba kulinganisha mahubiri, na majirani wa karibu wanajua kwamba si kila Jumapili mahubiri yalipatana.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Aimée Masika, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1987, ambaye ni muuguzi, Josaphat Paluku, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1990, fundi wa kompyuta na simu huko Kisangani, na Fanny Biira, aliyezaliwa tarehe 17 Januari 1996, ambaye bado anasoma, pamoja na wajukuu watano. Baada ya ndoa, tarehe 1 Septemba 1986, aliingia katika Shule ya Msingi Upole hapa Bigo, akapewa darasa la sita, na darasa la sita hakulitoka tena, isipokuwa pale vita vilipomtoa.

Mwezi wa tano wa 2003 hatutausimulia, kwa kuwa kila aliyeketi hapa ana wa kwake. Tuseme tu kwamba familia ilienda kwa miguu hadi Komanda, kisha ikafika Butembo kwa shemeji, na kwamba nyumbani Bigo yalibaki madaftari yote ya matayarisho ya masomo, kazi ya miaka ishirini na minne, ambayo baadaye watu waliyaona sokoni yakifunga karanga. Butembo, chini ya hema la plastiki katika uwanja wa shemeji yake, alifundisha watoto sabini waliokimbia kama yeye, na kwa kuwa madaftari yalikuwa haba, kila daftari lilikatwa mara mbili kwa kisu cha jikoni, nusu kwa mtoto huyu, nusu kwa yule, na nusu moja akaichukua mwenyewe, akaandika humo, kutoka kichwani, programu nzima ya darasa la sita. Alipofika kwenye vipimo vya mashamba, yaani hektari, ari na santiari, ukurasa ukamshinda upana, maana jedwali lile linataka nguzo mbili za tarakimu kwa kila kipimo, naye akachora moja moja ili liingie, akijiambia kwamba siku karatasi nzuri itakapopatikana atalirekebisha, na karatasi nzuri ilipopatikana alikuwa amekwisha kusahau ahadi.

Walirudi Bunia Januari 2005, na hapa tunasema jambo ambalo walimu waliopo wanalijua vizuri, wala hatumnyooshei mtu kidole: fishi, yaani karatasi ya matayarisho ya somo, ya mwaka jana huzaa fishi ya mwaka huu, na kinachobadilika ni tarehe. Jedwali la nguzo moja moja likanakiliwa mwaka baada ya mwaka kwa mwandiko mzuri unaosifiwa, direkta wa shule akalitia sahihi, ofisi ya ukaguzi ikalitia viza, yaani muhuri wa kulikubali, na kosa lile likakua kama mtoto wa nyumba yenye heshima, mpaka likawa na mihuri kumi na miwili, mingi kuliko aliyokuwa nayo Mwalimu mwenyewe katika faili lake la kazi.

Simu ya kupapasa aliletewa na Josaphat kutoka Kisangani mwezi wa nane wa 2015, akaiweka wiki mbili ndani ya kabati la sahani, kwa sababu, alisema, kitu kinachowaka bila kuguswa kinataka kuchunguzwa. Alipoitoa aliuliza swali moja tu, kama inaweza kupeleka picha ya ukurasa kwa Mwalimu Honorine wa avenue ya pili, na ilipoweza, akagundua kwamba yeye, Honorine na walimu wengine wawili walikuwa wakitayarisha somo lilelile, siku ileile, kila mmoja peke yake na makosa yake. Hivyo tarehe 5 Oktoba 2015 forum ya WhatsApp iliyoitwa Somo la Kesho ilizaliwa ikiwa na watu wanne, na mpaka mwisho wa 2016 ilikuwa na walimu mia mbili na kumi na wawili, toka Bunia mpaka Mahagi, toka Ariwara mpaka Mambasa, kila mmoja akiweka picha ya fishi ya kesho, wenzake wakiisahihisha, wengine wakituma sauti ya namna ya kusoma neno gumu la Kifaransa, wengine picha ya mizani iliyotengenezwa kwa makopo ya nyanya.

Sheria zake zilikuwa chache na kali, hakuna sala ya kutumiwa watu kumi kabla ya jua kuzama, hakuna picha ya chakula, hakuna siasa, wala hakuna habari za risasi ambazo mwenye kuzileta hakuzisikia kwa masikio yake mawili, na sheria hii ya mwisho, katika miaka hii tuliyo nayo, ambapo amani inalala jicho moja wazi, ilituliza nyumba nyingi kuliko matangazo. Humo ndani walimu ambao vijiji vyao havisalimiani walikuwa wakisahihishana kugawanya namba zenye koma. Mwalimu Solange wa Mambasa, ambako rezo ya simu inapatikana kwenye kilima kimoja tu, alipanda kila Jumamosi na kupokea juma zima kwa pigo moja, halafu akauliza maswali ambayo yalijibiwa tangu Jumanne, na Mwalimu Godelive alimjibu upya kila mara, akisema kwamba swali halina juma.

Habari za forum zilipofika kwenye ofisi moja ya mjini, ambayo hatutaitaja kwa kuwa wakubwa wake wamekaa kwenye viti vya mbele, barua ilikuja ikidai kanuni za forum katika nakala tatu, majina ya kamati, na anwani ya makao makuu, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kudharau barua ya mkubwa, alijibu katika nakala tatu kwamba makao makuu ni mfuko wa kushoto wa koti lake. Baada ya hapo Inspekta Nicolas aliingizwa katika forum kwa niaba ya ofisi, akaanza kuandika "Vu" chini ya kila somo, ingawa alama mbili za bluu zilikuwa zimekwisha kusema kwamba ameona, na siku mwalimu mmoja wa Mahagi alipotangaza kifo cha baba yake, hapo pia iliandikwa "Vu".

Sasa tunafika kwenye siku nne ambazo Mwalimu mwenyewe aliagiza zisirukwe. Ijumaa tarehe 17 Februari 2017 aliweka kwenye forum ule ukurasa wa vipimo vya mashamba, kwa mwandiko wake mzuri, walimu sitini na wanne wakaunakili kwa ajili ya madarasa yao, maana mtihani wa taifa wa darasa la sita ulikuwa unakuja mwezi wa Juni, na Inspekta akaandika "Vu". Jumatatu tarehe 20, kutoka Ariwara, mwalimu kijana aitwaye Hervé, ambaye hakuna hapa Bunia aliyewahi kumwona kwa macho, aliandika maneno ambayo bado yako ndani ya simu: "Mama Mwalimu, samahani sana. Nilipima kiwanja ya shule pamoja na watoto, na kamba, metre makumi tano kwa makumi ine. Na jedwali yako inatoka hektari makumi mbili. Mama, soko yote ya Ariwara haifike pale."

Forum ikamrukia kijana kama kuku wanaofukuza kicheche. Mmoja alimwambia aote ndevu kwanza, mwingine akauliza kama kamba hiyo aliinunua ng'ambo ya mpaka, ambako vitu vinauzwa bila kipimo, wa tatu akakumbusha kwamba Mama alikuwa akifundisha hektari wakati Hervé anakojoa kitandani, na walio wengi wakataka jambo moja, kwamba Mama amtoe, kwa kuwa yeye peke yake ndiye alikuwa na mamlaka hayo, na yalikuwa ni ya kugusa kwa kidole tu. Inspekta hakuandika kitu, maana alikuwa amekwisha kuandika. Mwalimu naye alinyamaza siku tatu, na tunaomba mwelewe alichokuwa amekishika mkononi siku hizo, kijana mmoja ambaye angeweza kuzimwa, madarasa sitini na manne yaliyokuwa tayari yamenakili, forum ambayo watu waliiamini kwa sababu ya jina lake, na cheti cha sifa ambacho alikuwa ameandikiwa kupewa hadharani tarehe 30 Aprili, sikukuu ya elimu, cha kwanza katika miaka thelathini na minane ya kazi.

Bwana Zacharie, kwa upendo wa mume na uzoefu wa dukani, alimshauri aseme kwamba simu ndiyo iliyoikata picha. Alimtazama, akamuuliza, "Na watoto, Baba Masika, nabo nitabaambia simu ndiyo ilikata?" Jumatano baada ya mchana walitwaa kamba ya kuanikia nguo, wakapima uwanja wao wenyewe hapa Bigo, metre ishirini na tano kwa ishirini, kisha akafungua sanduku, akatoa karatasi ya kiwanja ya mwaka 1994, iliyosema hektari 0, ari 05, santiari 00, wakati kwa jedwali lake uwanja huo ungekuwa hektari tano, kipande kikubwa cha Bigo, jambo ambalo Bwana Zacharie hakulikataa haraka. Mwalimu akaketi kwenye ngazi ya jikoni, kamba miguuni, akasema kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake amesahihishwa na karatasi ya serikali, tena karatasi iliyolala ndani ya sanduku lake miaka ishirini na mitatu.

Alhamisi tarehe 23, baada ya darasa, alituma sauti, na familia imeiandika kama alivyoisema: "Bapendwa walimu, ni miye Godelive. Hervé iko na haki. Miye ndiye nilikosa, na ni kosa ya myaka kumi na tatu. Ile page nilichoraka mu 2003 ku kikaratasi kidogo, kisha nikakuwa nakopia bila kufikiri, na benye kutia muhuri bakatia bila kufikiri. Musimutoshe Hervé. Kama kuna mutu wa kutoka mu forum, ni ule mwenye alifundisha batoto kusema hektari iko na ari kumi, kumbe iko na mia. Lakini miye sitoke, kwani niko na kazi ya kurekebisha."

Kisha akagusa kwa kile kidole kilichokuwa kikingojewa, ila badala ya kumtoa Hervé, alimfanya kuwa msimamizi wa forum pamoja naye. Walimu wakaanza mmoja mmoja, Honorine kwanza, kukiri kwamba walinakili bila kuhesabu, na kati yao mmoja ambaye ndevu zake zimeota zamani. Kutoka hapo, Ijumaa ya tarehe 3 Machi 2017, ikaanza desturi ambayo imeifanya forum hii ijulikane, kwamba kila Ijumaa mwalimu mmoja, kwa zamu iliyopangwa, analeta si somo lililofaulu, ambalo kila mtu anapenda kulionyesha, bali somo lililomwangukia, anaeleza lilianguka wapi, na wenzake wanamsaidia kuliinua, na hakuna anayeruhusiwa kucheka kabla mwenyewe hajacheka.

Kazi ya kurekebisha aliifanya kwa miguu na kwa pikipiki. Kila mwalimu kati ya wale sitini na wanne alitakiwa kutuma picha ya watoto wakipima uwanja kwa kamba, shule za mjini alizipitia mwenyewe, wanafunzi wake wa zamani aliwapigia simu, na mmoja wao, ambaye leo anafanya kazi ya kupima viwanja, alimjibu kwa heshima kwamba asihangaike, yeye alikwisha kujifunza upya, kwa uchungu, katika juma la kwanza la kazi. Picha sitini na tatu zilifika, ya Mwalimu Solange haikufika, kwa kuwa simu yake ilikuwa imeanguka mtoni, basi tarehe 17 Machi Mwalimu Godelive aliomba ruhusa ya siku mbili na kupanda gari kwenda Mambasa, na ruhusa hiyo ilitoka Jumatatu iliyofuata, wakati alikuwa amekwisha kurudi.

Njiani, kwenye barieri moja kabla ya Mambasa, askari walifungua mfuko wake wakakuta kamba ndefu yenye mafundo kila baada ya metre moja, na mkubwa wao akauliza inapima nini, na nani amemtuma kupima. "Inapima hektari, mutoto wangu," alijibu, "na nimejituma miye mwenyewe." Jibu hilo, katika mkoa ambamo mwenye kupima ardhi ya watu anaweza kuwa na watu nyuma yake, halikumridhisha mkubwa, abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja kwa wasiwasi, na Mwalimu, alipoona maneno hayatoshi, aliwapa askari wawili ncha za kamba na kuwapimisha shamba lao dogo la muhogo nyuma ya kibanda, metre kumi na mbili kwa kumi, akawauliza ni ari ngapi, wakakosa, akawafundisha, wakapata, ari moja na santiari ishirini. Mkubwa aliandika kwenye kikaratasi cha kupita, mahali pa sababu ya safari, "marekebisho ya hektari", akasaini, na kikaratasi hicho familia imekitunza pamoja na diploma.

Mnatuuliza ni watoto wangapi walifaidika kwenye mtihani wa Juni, nasi tunajibu kwamba mtihani haukuuliza swali hata moja juu ya hektari. Alipoambiwa hivyo alisema haidhuru, mtihani haukuuliza lakini mashamba yatauliza, na sisi watu wa Ituri tunajua shamba likiuliza vibaya huwa linajibiwa na nini.

Kwa upande wa ofisi, mambo yalikwenda kwa mwendo wa ofisi. Fishi yenye viza haikuweza kuwa na kosa mpaka viza ifutwe, fomu ya kuomba viza ifutwe haikuwapo, Mwalimu akaandika ya kwake kwa mkono, katika nakala tatu, na kwa kuwa sasa alikuwa na faili linalosubiri uamuzi, jina lake likaondolewa kwenye orodha ya vyeti vya tarehe 30 Aprili, siku ambayo alikwenda hata hivyo, amevaa kitenge cha sikukuu, akawapigia makofi waliopewa. Familia haina kinyongo, tena ina shukrani, kwa kuwa Ijumaa tarehe 5 Mei, chini ya somo la Mwalimu la vipimo vya ujazo, Inspekta Nicolas aliandika kwa mara ya kwanza neno lingine, akaandika "Asante, Mama", na tuna ushahidi kwamba Mwalimu alipotuma picha ya neno hilo kwa Josaphat huko Kisangani, aliweka maelezo kwamba hicho ndicho cheti.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Julai 2017, maumivu upande wa kuume ambayo aliyaita uchovu mpaka yalipokataa jina hilo, akaingia hospitali tarehe 21 Agosti, na madaktari, ambao hawakumficha kitu kwa sababu hakukubali kufichwa, walimwambia kwamba ini limeharibika na kwamba watafanya wanaloweza. Darasa lake alilishika Mwalimu Honorine, Aimée aliacha kazi yake akaja kumwuguza, Bwana Zacharie alikuwa akija na uji na mahubiri ya pande zote mbili, na simu ilikaa chini ya mto, ambako wauguzi waliipigia kelele juma la kwanza, na juma la pili walikuwa wakimuuliza hesabu za watoto wao.

Jumatatu iliyopita, tarehe 9 Oktoba, kijana mrefu mwenye vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi aliingia wodini na kusalimia, na Mwalimu, kabla hajageuza kichwa, alimtambua kwa sauti, akasema, "Karibu, Hervé, ulikuwa unasema na miye myaka mbili bila sura." Kijana alikuwa ametayarisha maneno ya kushukuru njia nzima kutoka Ariwara, lakini hakuyafikia, kwa sababu aliombwa fishi ya somo lake la Jumatano. Mwalimu aliisoma taratibu, akiomba pumzi kati ya mstari na mstari, akaweka kidole mahali pamoja, kisha pengine, kisha pengine. "Hapa ni weye unasema," alimwambia, "na hapa ni weye, na hapa tena ni weye. Batoto bako wapi?" Hervé akaketi pembeni ya kitanda, akaomba kalamu kwa Aimée, akaandika somo upya kwenye magoti yake, watoto wakaingia ndani ya somo, akamrudishia, na yeye akaangalia mpaka mstari wa mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akafumba macho apumzike. Kesho yake, Jumanne tarehe 10 Oktoba 2017, saa tatu asubuhi, akiwa na mume wake na watoto wake wote watatu, Mungu alimwita, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, kwa hesabu ya padri. Hervé hakurudi Ariwara, ameketi hapa, lakini somo lake la jana limefundishwa jinsi lilivyosahihishwa, kwa kuwa fishi aliituma kwenye forum, na mwenzake wa shule alilishika darasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomtunza bila kuchoka na kuvumilia makao makuu yaliyohamia chini ya mto wa hospitali, inawashukuru majirani wa Bigo, hasa akina mama waliopika kwa zamu tangu Agosti bila kuandikishwa na mtu, inamshukuru Direkta na walimu wa Shule ya Upole, Mwalimu Honorine aliyebeba madarasa mawili, walimu wa forum waliopanda magari, pikipiki na kilima ili wawe nasi, Mwalimu Solange aliyefika leo asubuhi na matope ya Mambasa kwenye viatu, askari wa barieri waliompisha bila swali alipotaja anakwenda kumzika nani, Padri na Mchungaji waliokubaliana kugawana ibada hii, jambo ambalo marehemu alilingojea miaka thelathini na moja, na ofisi ya ukaguzi, ambayo barua yake ya kufuta viza, yenye sahihi tatu, imetufikia jana saa tisa, na tumeiweka ndani ya sanduku pamoja naye.

Neno la mwisho ni la kazi, kwa kuwa Mwalimu Godelive hakupenda watu waondoke bila kazi ya nyumbani. Orodha ya zamu za Ijumaa aliiacha imeandikwa hadi mwisho wa mwaka wa shule, Hervé na Honorine wamekubali kuilinda, na kesho ni Ijumaa, zamu ya Inspekta Nicolas kuleta somo lililomwangukia. Familia inamwomba kwa heshima asiahirishe kwa sababu ya msiba, na yeye, tulipompasha habari hii pale mlangoni asubuhi, alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu, akajibu kwamba analo moja, la mwaka 1998, ambalo hajawahi kumwambia mtu.

Mama Masika, Mama wa forum, watoto wamekwisha kuingia ndani ya somo, wacha chaki, sisi tutafuta ubao, pumzika kwa amani.